Pipa la Kilio na Chemchemi Niliyoifunga

Vijana wa ofisi ya usafi, siku mliponiaga kwa soda na dagaa wa sambaza wa kukaanga, mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Nimechelewa miezi mitatu. Mke wangu amegundua kwamba mtu aliyekagua vyoo vya wenzake miaka thelathini na miwili hana kisingizio cha kushindwa kusafisha cha kwake, na hilo limenichukulia asubuhi nyingi. Sasa nimepata nafasi. Vyeo na mishahara nitavipita kando, kama vyenyewe vilivyonipita mimi.

Nilianza miaka ya mwisho ya Zaïre. Nilifika commune, yaani ofisi ya manispaa, na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, nikaonyeshwa chumba cha nyuma, karibu na pale walipofunga mbuzi waliokamatwa wakizurura barabarani. Ndani mlikuwa na meza moja, pampu mbili za kupulizia dawa, moja ikivuja, rundo la rejista zilizoliwa pembeni na panya, na Papa Cirhuza. Nilimsalimu kwa Kifaransa kizuri cha shule. Aliniangalia viatu, akaniuliza kama nina vingine. Nilisema sina. Akasema basi nitajifunza kutembea vizuri.

Huyo Papa Cirhuza ndiye aliyenilea kazini. Yeye mwenyewe alifundishwa na wazee waliofanya kazi chini ya Wabelgiji, enzi ambapo mtu wa usafi alipanda kilima na kofia ngumu, filimbi na askari nyuma yake. Filimbi ikilia chini ya avenue, yaani barabara ya mtaa, juu kule watu walianza kufagia. Alinisimulia hayo akicheka, lakini hakuyatamani. Alisema watu wa wakati ule walijifunza kumficha mtu wa usafi kila kitu, hata wagonjwa wao, na ugonjwa uliofichwa ndani ya nyumba hautoki kwa filimbi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini aliyemfundisha kuficha naye ana sehemu yake.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo ofisi nzima ililicheka hadi Pasaka. Nilikagua parcelle moja, yaani kiwanja na nyumba zake, na kukuta choo kisafi kuliko vyote nilivyowahi kuona: sakafu imepigwa saruji, mfuniko mpya, mlango una kufuli, hata harufu hakuna. Nikaandika katika rejista kwa herufi kubwa kwamba familia hii ni mfano kwa mtaa. Papa Cirhuza alisoma, akavaa koti, akanirudisha kule kwa miguu. Hakukiangalia choo hata kidogo. Alinionyesha majani yaliyoota kwenye njia ya kukiendea, marefu kufika magotini. Choo kile kilikuwa cha serikali, kwa maana kwamba kilijengwa ili serikali ikione. Wenyewe walikuwa wakienda nyuma ya migomba. Tangu siku hiyo nilikagua njia kwanza, na nyinyi nawaomba mfanye vivyo hivyo.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Fimbo yenye alama za kupimia kina cha shimo. Tochi, ambayo ni muhimu kuliko kalamu, maana chooni hakuna dirisha. Chaki ya kuandika mlangoni. Na rejista, parcelle kwa parcelle, jina la mwenye nyumba, watu wangapi, maji wanachota wapi, taka wanatupa wapi. Jumatatu tulipanda avenue, Alhamisi tulikuwa sokoni Nyamugo tukigombana na wauza nyama, Jumamosi tulisimamia salongo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji. Wauza nyama niliwapenda. Walinitukana miaka yote kwa heshima, wakianza kila tusi kwa "Papa".

Kisha vita vikaja, wakimbizi wakaja, na nyuma yao mashirika yenye magari meupe. Mtaniuliza commune ilikuwa na kazi gani tena. Hata mimi nilijiuliza. Wao walikuwa na klori, mahema, glavu za kutosha jeshi zima. Sisi tulikuwa na pampu ile ile inayovuja. Lakini asubuhi ya kwanza kijana wao mmoja alikuja ofisini kuuliza avenue fulani iko wapi na wanaishi watu gani, na Papa Cirhuza akafungua rejista yake ya panya, akaanza kumsomea majina. Kijana alikaa chini, akatoa daftari. Ndipo nilipoelewa kazi yetu. Mashirika yaliondoka, mengine yakaja, wakubwa wa commune walibadilika, bango la mlangoni lilipakwa rangi upya mara kadhaa kufuatana na aliyeshika mji, na rejista ilibaki juu ya meza ile ile. Nzi nao hawakuwahi kuuliza nani anatawala.

Papa Cirhuza alistaafu, akarudi kwao Miti kulima maharagwe, akaniachia fimbo. Magonjwa yaliyofuata, ndoo za kunawia mikono kila mlango, barakoa zilizovaliwa kidevuni, vipele vya juzi juzi, hayo mliyaona wenyewe, tulikuwa pamoja. Sina la kuwafundisha ambalo miguu yenu haijui. Lakini kuna kisa kimoja ambacho hakuna kati yenu aliyekiona, na ndicho hasa nilichoketi kukiandika. Ni kosa langu, na karibu limuue mtu.

Kulikuwa na avenue moja juu ya kilima huko Kadutu. Sitaitaja, wenyewe watajijua. Chini yake kulikuwa na chemchemi iliyojengewa ukuta wa mawe na bomba la chuma. Aliyeijenga alikuwa fundi mwashi mmoja kutoka Nyantende, marehemu tayari, na mjane wake, Maman Nsimire, ndiye aliyeitunza. Alikuwa mama wa makamo mwenye mguu mmoja mbovu. Kila asubuhi alifagia pale, akaondoa majani, akawafukuza waliotaka kufulia nguo karibu na bomba. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilizoea kupumzika kwake kila nikipita, naye alizoea kuniambia kwamba watu wa commune hawachoki ila kwa kukaa.

Juu kwenye avenue watu walikuwa na chama cha kilio, kama avenue nyingi za mji huu. Chama kilikuwa na viti, hema, masufuria matatu makubwa na pipa moja la chuma la kuwekea maji ya waombolezaji. Mtu akifiwa, vijana walilibeba pipa kutoka nyumba iliyofiwa mwisho hadi nyumba mpya. Na walikuwa na desturi yao ambayo sijaiona kwingine: pipa halikuingia kavu katika nyumba ya msiba. Waliacha maji kidogo chini, ya kilio kilichopita, kisha wakajazia juu yake. Maji yale waliyaita machozi ya jirani. Maana yake ilikuwa kwamba aliyelia kabla yako amekutangulizia yake, hutalia peke yako. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilisimama pale na rejista yangu mkononi, nikaguswa sana. Nilikunywa kikombe changu kama wengine, nikaenda zangu.

Hicho kilikuwa kilio cha bibi mmoja mzee sana, mama mkwe wa Maman Riziki. Maman Riziki alikuwa ndiye mtu wa maji katika chama, mwanamke mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka kilima cha pili. Wageni walitoka mbali, na mmoja wao alifika kutoka Luvungi na mfuko wa mchele na tumbo la kuendesha. Siku ya pili alianguka. Huko uwanda wa Ruzizi kipindupindu si mgeni, na kituo cha afya kilitujulisha siku hiyo hiyo kwamba ndicho.

Baada ya siku chache waliugua watu kadhaa wa avenue, kisha fundi cherehani mmoja mzee akafa. Kilio kingine kikawekwa, pipa likahamia kwake. Wiki ile ile mtoto wa Maman Riziki, Asifiwe, wa miaka sita, alipelekwa hospitalini macho yameingia ndani.

Ofisini kulikuwa na haraka. Wakubwa walitaka tufanye kitu kinachoonekana. Msinielewe vibaya, hawakunilazimisha, hata mimi nilitaka kuonekana. Nilijua sheria ya kwanza ya kazi, kwamba unafuata wagonjwa nyumba kwa nyumba kabla ya kunyoosha kidole. Lakini maji ni maji, nilijiambia, na kipindupindu ni ugonjwa wa maji, na avenue ile ina maji gani mengine? Nikashuka na kopo la rangi nyekundu na waya wa miba. Nikaifunga chemchemi. Ukutani, juu ya bomba, nikapaka msalaba mkubwa mwekundu ambao ungeonekana hata kutoka barabarani.

Maman Nsimire alisimama mlangoni kwake akiniangalia. Nilitegemea aseme neno la kunichokoza. Badala yake aliingia ndani.

Asifiwe alifariki kesho yake.

Sasa mnaojua mji wetu mnajua kilichofuata. Kwetu mtu akifa ghafla, neno la kwanza ni karuho, ile sumu ya kufanyiana. Watu wa avenue walishuka kuchota kwenye kijito cha bondeni, maji machafu mara kumi, na kila walipopita walisoma msalaba wangu. Serikali yenyewe imeandika kwamba maji haya yanaua. Na nani anakaa karibu nayo? Nani anayashika asubuhi kabla ya watu kuamka? Nani anayanywa kila siku, na haugui? Jumatano walitupa mawe juu ya mabati ya Maman Nsimire. Alhamisi chef wa avenue, kiongozi wa mtaa, Papa Bisimwa, alikuja ofisini kwangu amelowa mvua, akafunga mlango nyuma yake.

"Papa Hygiène," aliniambia, "vijana wanasema samedi, kisha salongo, wanaenda kuchoma nyumba ya ule maman. Na yeye mu ndani. Mimi peke sitaweza."

Nilishuka kwa Maman Nsimire saa ile ile. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mawe yaliyotupwa ameyapanga vizuri kando ya mlango, maana alikuwa mke wa mwashi na jiwe halitupwi. Nilianza kumweleza juu ya kipindupindu. Alinikata.

"Banasema niliweka karuho mu maji, ju mi sigonjwe," alisema. "Ni kweli, sigonjwe. Nakunywa hii maji kila siku kuliko wote. Lakini karuho ni neno yao. Ile rangi ni yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha, kama mtu anayetafuta pa kushika, nikafanya kile nilichopaswa kufanya wiki nzima iliyopita: nikauliza maswali. Anakula wapi, anamtembelea nani, vilio anakwenda? Alinionyesha mguu wake. Tangu mume wake afe hakuwahi kupanda kule juu. Kukiwa na kilio hutuma mjukuu na maharagwe, mjukuu huyaweka mlangoni na kurudi.

Nilifungua rejista juu ya magoti. Nyumba tatu zilizokuwa jirani kabisa na chemchemi zilikuwa za watu wa kanisa ambalo halimo katika chama cha kilio. Walikunywa maji yale yale. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Wagonjwa wote walikuwa wa juu, na kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa na mtu aliyeketi katika kilio cha bibi au cha fundi cherehani. Nikakumbuka mgeni wa Luvungi, mkono wake na kikombe chake ndani ya pipa. Nikakumbuka maji yaliyoachwa chini kwa makusudi, kwa upendo, yakihama nyumba hadi nyumba. Na wakati huo pipa lilikuwa uwanjani kwa Maman Riziki, kwa kilio cha mtoto wake.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda kwa mkubwa wangu kuomba karatasi yenye muhuri, isemayo kwamba chemchemi ilifungwa kwa makosa. Alikuwa mtu mwema, alinipa kiti. Akaniambia polepole: "L'État haikoseake, Papa. L'État inatoa orientation nouvelle." Yaani serikali haikosei, hutoa mwelekeo mpya. Karatasi kama hiyo ingechukua wiki mbili na ingehitaji saini tatu. Nilimshukuru. Nilikuwa na hadi kesho.

Jumamosi asubuhi nilifika wakati wa salongo. Watu walikuwa wote pale chini, na majembe na mapanga, kama inavyotakiwa siku ya salongo, na sitawaficha kwamba mapanga hayo niliyaangalia tofauti na siku nyingine. Papa Bisimwa alipiga makofi akaomba wanisikilize. Mlango wa Maman Nsimire ulikuwa umefungwa. Nilipanda juu ya ukuta wa chemchemi, msalaba ukiwa chini ya miguu yangu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kitaalamu. Yote yalinitoka. Nilisema: "Hii rangi ni mimi niliipaka. Nilikosea. Maji haya hayana kosa, na maman wa hapa hana kosa. Mkitaka kumukamata mutu, mimi niko hapa."

Kijana mmoja alisema nimelishwa kitu na yule mama, ndiyo maana nageuza maneno. Wengine wakaitikia. Na pengine wangeniteremsha pale ukutani kama Maman Riziki hakutoka mbele. Alikuwa amefunga kitambaa cha msiba, sauti yake ya kuita watoto imekwisha kabisa.

"Wacheni aseme," aliwaambia. Akanigeukia. "Kama haiko hii maji, basi ni nini iliuwa mutoto yangu?"

Nawaambia nyinyi, vijana, katika miaka yangu yote sikuwahi kuulizwa swali ambalo nililijua jibu lake vizuri hivyo na sikutaka kulitoa. Papa Bisimwa alikuwa ameshanieleza: katika kilio cha fundi cherehani, Asifiwe alikuja mbio kutoka shuleni, amepanda kilima kizima kwenye jua, na mama yake, mtu wa maji, alimchotea wa kwanza kabla ya wageni. Nikinyamaza, nyumba ya Maman Nsimire itachomwa. Nikisema, mama huyu atakwenda nyumbani na jambo ambalo hakuna muhuri wa kuliondoa. Nilitafuta njia ya katikati, haikuwepo.

Nikashuka ukutani, kwa sababu jambo kama hilo halisemwi kutoka juu. Nikamwambia ni pipa. Nikamweleza juu ya mgeni aliyekuja akiumwa, juu ya maji yaliyobaki chini. Nikamwambia pia iliyo kweli, kwamba kazi ya kuangalia pipa ilikuwa yangu. Nilikuwepo katika kilio cha mama mkwe wake, niliyaona maji yale yakiachwa, nikayaona mazuri, nikanywa, nikaenda. Mimi ndiye niliyesomea. Wao walikuwa wanafarijiana tu.

Nilimwona akihesabu moyoni, siku kwa siku, kama nilivyohesabu mimi, na nikamwona akifika. Aliketi chini palepale, kwenye tope la mfereji.

"Kikombe ni mimi nilimupatia," alisema. "Na hii mukono."

Aliunyoosha mkono ule mbele, kana kwamba anataka mtu auchukue. Wanawake wenzake walisimama tu, hawakujua wafanye nini, na mimi sikujua. Ndipo mlango ukafunguka. Maman Nsimire alitoka, akapita katikati ya vijana wenye mapanga akivuta mguu wake, na walimpisha, sijui kwa nini, pengine kwa sababu hakuwaangalia. Alikuwa na shida ya kukaa chini. Alimshika Papa Bisimwa koti, akajishusha kidogo kidogo hadi topeni, kando ya mwanamke ambaye siku tatu zilizopita alikuwa miongoni mwa waliomwita muuaji. Akauchukua ule mkono, akauweka kwenye mapaja yake.

"Mutoto alikuwa na kiu, maman," alimwambia. "Nani angemunyima maji?"

Basi Maman Riziki alilia. Alilia kwa sauti iliyofika kilima cha pili. Vijana waliweka mapanga chini, mmoja mmoja, na yule aliyesema nimelishwa kitu ndiye aliyeanza kuutoa waya wa miba, kwa mikono mitupu, akijichana. Sikumzuia. Mimi nilichukua jiwe nikaanza kukwangua rangi. Rangi ya serikali kwa kawaida hutoka kwa mvua ya kwanza, lakini ile ilikuwa imeshika vizuri, tulikwangua hadi saa sita.

Jioni ile pipa lilisuguliwa na klori mbele ya chama chote, likakaushwa juani siku mbili. Wazee waliniuliza kama desturi yao sasa imekufa. Tulizungumza sana. Tulikubaliana kwamba nyumba iliyofiwa mwisho itachota maji mapya, itayatia dawa, na kuyapeleka kwa nyumba mpya katika bidon, dumu dogo lenye mfuniko, ya kumiminwa kwanza. Machozi ya jirani yapo mpaka leo, yana mfuniko tu. Ugonjwa uliendelea siku kadhaa kwa walioupata tayari, kisha ukakoma. Ofisini nilipokea barua ya kuombwa maelezo, kwa nini nimesema maneno ya kuishushia heshima idara mbele ya umma. Nilijibu kwa mstari mmoja kwamba yalikuwa ya kweli. Barua ile imo katika faili yangu, na kama mmewahi kujiuliza kwa nini nilibaki katika chumba kile kile cha nyuma hadi mwisho, kaitafuteni.

Maman Riziki aliacha kuwa mtu wa maji. Miaka ilipita hakumpa mtu yeyote kikombe mkononi, hata watoto wake wengine. Aliweka kikombe mezani, akageuka, wajichukulie. Niliambiwa na mume wake. Asubuhi nyingi alishuka kukaa na Maman Nsimire, wakafagia pamoja pale chemchemini, wakizungumza juu ya mambo ya kawaida, bei ya mkaa, binti wa fulani. Mguu wa Maman Nsimire ulipokataa kabisa, mwenzake alifagia peke yake. Nilimpa bomba la sindano la kutilia klori katika bidon za watu, nikamfundisha kipimo. Alikuwa mwangalifu kuliko ajenti yeyote niliyewahi kuwa naye, na nyinyi mkiwemo, samahani.

Maman Nsimire alifariki kwa uzee, kitandani kwake, majirani wakiwa wamemzunguka. Nilikwenda kumlilia. Nilimpenda yule mama na nilimwambia hivyo mara moja tu, akanijibu kwamba angependa zaidi ningekuja na ufagio. Uwanja ulijaa. Pipa lilikuwa pale, limejaa, limefunikwa, na kando yake alisimama mtu mwenye kata mkononi, amefunga kitambaa cha msiba. Nilisita. Nilitaka kumpunguzia, nikanyoosha mkono nichukue kikombe mwenyewe kutoka mezani. Maman Riziki alikiwahi. Alikijaza, akanipa mkononi.

Nilikunywa mbele yake mpaka mwisho, nikamwomba kingine.